Kiharusi huangusha mtu ghafla, lakini hakikuja ghafla

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya ya familia unaongelea ugonjwa ambao hapa Nyakabanda, kuanzia Munanira mpaka kule tunapopakana na Kimisagara na Nyamirambo, watu wanauita kwa majina mengi. Wengine wanasema kupooza. Ndugu zetu waliotoka Kivu wanasema paralizi, na waliosoma Kifaransa wanasema AVC. Wapo pia wanaonong'ona tu pembeni: "Huyo amelogwa." Jina lake la Kiswahili ni kiharusi.

Kiharusi ni ugonjwa wa saa. Familia inayokijua inaweza kuokoa mtu wake. Familia isiyokijua inapoteza siku tatu kwa mganga, halafu inafika hospitali ikiwa imechelewa. Na kwa sisi wakimbizi hasara yake haiishii kwa mgonjwa. Akianguka baba anayebeba mizigo sokoni, au mama anayeuza nyanya kando ya njia, nyumba nzima imeanguka: kodi, chakula, ada ya watoto. Mara nyingi binti mkubwa ndiye anaachishwa shule ili abaki nyumbani kumgeuza na kumlisha. Kwa hiyo tusome pamoja, na asiyejua kusoma asomewe.

KIHARUSI NI NINI?

Ubongo ndio unaoongoza mwili mzima: kutembea, kusema, kuona, kumeza, hata kukumbuka jina la mtoto wako. Ili ufanye kazi hiyo unahitaji damu wakati wote, maana damu ndiyo inayobeba hewa safi na chakula. Damu ikikosekana sehemu moja ya ubongo, sehemu hiyo inaanza kufa. Hicho ndicho kiharusi. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, karibu chembe milioni 2 za ubongo zinakufa kila dakika. Kila dakika! Ndiyo maana tunasema ni ugonjwa wa saa.

Jambo lingine la kujua: upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na wa kulia unaongoza wa kushoto. Kwa hiyo anayeumia ubongo upande mmoja, mwili unalegea upande wa pili. Ndiyo sababu unamkuta mtu nusu yake nzima, nusu nyingine haisikii amri.

AINA ZAKE

Ya kwanza ni kuziba. Damu inaganda kama donge dogo na kukwama ndani ya mshipa wa ubongo, kama vile uchafu unavyoziba mpira wa maji. Donge linaweza kutengenezeka palepale kwenye mshipa uliojaa mafuta, au likatoka kwenye moyo usiopiga sawasawa na kusafiri mpaka kichwani. Duniani kote aina hii ndiyo inayopata watu wengi zaidi.

Ya pili ni kupasuka. Mshipa uliochoka kwa presha ya miaka mingi unapasuka, damu inamwagika ndani ya kichwa na kuubana ubongo. Hapa Afrika aina hii inaonekana kwa kiwango kikubwa kuliko nchi za Ulaya, kwa sababu presha za watu wengi hazijapimwa wala kutibiwa. Mgonjwa wa aina hii mara nyingi analalamika kichwa kikali sana, anatapika, au anapoteza fahamu.

Ya tatu ni kiharusi cha kupita. Mdomo unapinda, mkono unalegea, halafu baada ya dakika chache au saa moja mtu anarudi sawa kabisa. Watu wanacheka na kusema, "Ilikuwa uchovu tu." Hapana ndugu yangu! Hiyo ni kengele. Mshipa uliziba, ukajifungua wenyewe. Mara nyingi kiharusi kikubwa kinafuata siku chache baadaye. Mtu aliyepata hicho cha kupita aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama anatembea na kula vizuri.

Kwa nini tunakuchosha na aina hizi? Kwa sababu kwa macho huwezi kuzitofautisha. Daktari mwenyewe anahitaji picha ya kichwa, ile inayoitwa skana, ndipo ajue. Na matibabu yake yanapingana: dawa ya kuyeyusha damu inamsaidia aliyeziba, lakini inaweza kumuua aliyepasuka mshipa. Kwa hiyo ukisikia jirani anasema, "Mpe aspirini haraka," mzuie kwa upole. Nyumbani hakuna anayejua ni aina gani.

NITAKITAMBUAJE?

Shika maneno manne, uwafundishe na watoto: USO, MKONO, MANENO, MUDA.

Uso: mwambie atabasamu au aonyeshe meno. Je, mdomo umevutwa upande mmoja?

Mkono: mwambie ainue mikono yote miwili mbele yake, afumbe macho, uhesabu mpaka 10. Je, mmoja unashuka wenyewe?

Maneno: mwambie arudie sentensi fupi, kama "Leo asubuhi tumekunywa chai." Je, anasema kama mlevi, au anatoa maneno yasiyoeleweka, au anakutazama tu? Angalia hapa: mwulize kwa lugha ya kwao, ile anayoongea nyumbani, iwe Kinyamulenge, Kirundi, Kishi au Kiswahili. Usimpime bibi kwa lugha aliyojifunza ukimbizini, utadhani anaumwa kumbe hajui neno.

Muda: ukiona hata dalili moja kati ya hizo tatu, tazama saa, andika, na uombe msaada sasa hivi. Daktari atakuuliza jambo hili kwanza: "Ilianza saa ngapi?" Kama alikutwa hivyo wakati wa kuamka, sema mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi.

Kuna dalili nyingine pia: jicho moja kutoona ghafla, kizunguzungu na kushindwa kusimama, ganzi ya upande mmoja, au kichwa kuuma ghafla kuliko siku zote za maisha yako. Neno la kushika ni "ghafla".

KWANI NI UCHAWI?

Tuongee wazi, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu amelala mzima, ameamka hawezi kusema. Kweli inatisha. Na mtu aliyekimbia vita, aliyeona watu wake wakitendewa ubaya, ni rahisi kuamini kwamba ubaya umemfuata mpaka hapa. Basi maneno yanaanza: ametupiwa kitu, amelishwa karuho, yule mama wa nyumba ya tatu alimwangalia vibaya.

Matokeo ni mawili, yote mabaya. Mgonjwa anapelekwa kuchanjwa na wembe wakati ubongo unakufa. Na jirani asiye na kosa, mara nyingi mama mzee asiye na mtu, anachukiwa mtaa mzima. Sisi tuliopoteza majirani mara moja hatuna haja ya kuwapoteza mara ya pili kwa sababu ya mshipa ulioziba.

Kuomba Mungu hakukatazwi, awe mtu wa msikitini au wa kanisani. Lakini maombi yanaweza kufanyika ndani ya ambulansi. Ambulansi isisubiri maombi yaishe.

KINATOKA WAPI BASI?

Kinakuja kidogokidogo kwa miaka mingi, halafu kinaangusha siku moja. Mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi katika nchi 22, Uganda ikiwemo, walionyesha kwamba mambo 10 tu yanaeleza karibu viharusi 9 kati ya 10. Mengi kati ya hayo mtu anaweza kuyapunguza: presha ya juu, sigara, mwili kutofanya mazoezi, chakula kibaya, unene wa tumboni, sukari, pombe nyingi, msongo wa mawazo, ugonjwa wa moyo, na mafuta mabaya kwenye damu. Mkubwa wao ni presha, ambayo wenyeji wetu wanaiita umuvuduko w'amaraso na Wakongomani wanaiita tansio.

Presha ina ujanja wake: haiumi. Mtu anabeba presha miaka 10, analima, anacheka, anacheza harusi. Uchunguzi uliofanywa Rwanda nzima mwaka 2012 na 2013 ulikuta watu wazima karibu 15 katika kila 100 wana presha ya juu. Sasa hesabu watu wazima wa isibo yenu, ujiulize ni wangapi wanajijua.

Hata wakubwa hawakusalimika. Rais wa Marekani Franklin Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa mshipa kupasuka kichwani. Presha yake siku hiyo ilisomwa 300 kwa 190. Alikuwa na madaktari wa kila aina, lakini dawa nzuri za presha zilikuwa hazijapatikana. Leo mama wa Nyakabanda anaweza kupata kidonge ambacho rais huyo hakukipata. Kazi iliyobaki ni kupima na kumeza.

Tena liko jambo linalotuhusu sisi tuliotoka vijijini. Kati ya mwaka 2003 na 2006, Tanzania, watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi sehemu mbili: wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, na mitaa ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walipata karibu 316. Ndugu wa lugha moja na nchi moja, lakini mjini ni karibu mara tatu! Mjini mtu anakaa sana, anatembea kidogo, anakula chumvi na mafuta mengi, na mawazo hayamwachi. Nasi tumetoka mashamba ya Masisi, Uvira na Rutshuru, wengine Burundi, tukaja kukaa Kigali. Tujiangalie.

Vijana nao wasijione wako mbali. Mtoto aliyeumwa koo mara nyingi bila kutibiwa anaweza kupata ugonjwa wa vali za moyo, na moyo huo ukatuma donge kichwani akiwa bado kijana. Mtoto mwenye seli mundu, ile Wakongomani wanaita SS, anaweza kupata kiharusi hata kabla ya kuanza shule. Mama mjamzito anayeumwa kichwa sana, anayeona vimulimuli na kuvimba uso, presha yake imepanda: asisubiri siku ya kliniki, aende leo.

AKIANGUKA NYUMBANI, FANYA HIVI

1. Piga 912. Ni namba ya ambulansi ya Rwanda nzima na kupiga ni bure. Sema uko sekta gani, akagari gani, na alama ya karibu: shule, msikiti, kanisa, duka. Nyumba nyingi za Nyakabanda ziko kwenye mteremko ambako gari haliingii, kwa hiyo mtume kijana asimame barabarani kuwapokea. Kama Kinyarwanda chako ni kidogo, mwite jirani mwenyeji aongee. Wao 912 watajua mgonjwa apelekwe wapi.

2. Mlaze kwa ubavu, kichwa kimeinuka kidogo, mlegeze nguo za shingoni. Akitapika, asipaliwe.

3. Usimpe chochote mdomoni. Si maji, si chai ya sukari, si dawa ya kienyeji, si kidonge cha presha cha shangazi. Koo nalo linaweza kuwa limepooza, na maji yataingia mapafuni.

4. Usimchanje, usimtoboe vidole, usimchue kwa mafuta ya moto.

5. Usimpandishe moto. Tunajua ndiyo usafiri wetu wa kila siku, lakini mtu aliyelegea upande mmoja anaanguka, hata akibanwa katikati ya wawili. Kama ambulansi imechelewa sana, tafuteni gari, watu wabebe kwa blanketi mpaka barabarani.

6. Chukua karatasi ya utambulisho wa mkimbizi, kadi ya mutuelle, na dawa zote anazomeza. Tangu mwaka 2019 wakimbizi wa mjini waliandikishwa kwenye mutuelle. Kama kadi yenu ina tatizo, lishughulikieni wakati mko wazima.

Walio kambini, Kiziba, Mahama, Nyabiheke na kwingine, wakimbilie kituo cha afya cha kambi palepale, hata usiku. Waambieni wazi: "Tunadhani ni kiharusi, kimeanza saa fulani."

Kwa nini tunakimbia hivi? Kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, inatolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa. Lakini hata bila dawa hiyo, mgonjwa anayefika mapema anasaidiwa presha, sukari na kumeza, na ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi nyumbani kwa miguu yake.

TUJIKINGE VIPI?

Pima presha. Kila mtu mzima apime angalau mara moja kwa mwaka, hata asiyeumwa. Tangu mwaka 2016 Kigali ina siku za Jumapili ambapo barabara zinafungwa kwa magari ili watu wafanye mazoezi, na huko mara nyingi wanapima presha na sukari bure. Mjumbe wa afya wa mtaa wenu naye atakuelekeza. Ukifika kwenye kipimo baada ya kupanda milima yetu hii, kaa kwanza dakika 5, upumue, ndipo upimwe. La sivyo kipimo kitasema uongo. Ukisoma 140 kwa 90 au zaidi, tena siku tofauti, hiyo ni presha ya juu.

Punguza chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na ile iliyojificha. Inajificha wapi? Kwenye vidonge vya supu, kwenye dagaa wa chumvi, kwenye makayabu. Hatusemi msile makayabu! Yalowekeni usiku mzima, mbadilishe maji mara mbili au tatu. Sombe na lengalenga ni chakula kizuri sana, ila mafuta yasielee juu. Na chumvi isikae mezani.

Tembea. Hapa kwetu milima yenyewe ni dawa. Nusu saa ya kutembea haraka karibu kila siku inatosha.

Sigara acha kabisa. Pombe, hata urwagwa wa nyumbani, punguza sana au acha.

MASWALI TUNAYOULIZWA

"Presha yangu imeshuka. Si niache dawa?" Hapana. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Ukiacha, itapanda tena kimyakimya. Ongea na daktari kwanza.

"Mimi kichwa kinaniuma kwa sababu ya mawazo tu." Inawezekana, mawazo tunayo. Lakini neno "mawazo" limeficha presha za watu wengi. Pima, halafu ndipo useme ni mawazo.

"Aliyepooza anaweza kupona?" Wengi wanapata nafuu, hasa miezi ya kwanza, kama mazoezi ya viungo, yale watu wanaita kinezi, yanaanza mapema. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Msimsemee kila neno. Mpeni muda alitafute mwenyewe. Asifichwe chumba cha nyuma kama aibu, atolewe nje aote jua na kusalimiwa. Mwanamuziki Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu huko Kongo na kupata jina kubwa Tanzania, alipata kiharusi na bado akaendelea kuimba, safari hii nyimbo za injili, mpaka alipofariki Desemba 2010.

"Na sisi tunaomhudumia?" Gawaneni zamu. Mtoto wa shule aende shule. Wa kiume naye anaweza kuosha baba yake, si kazi ya wanawake peke yao. Na mhudumu anayelia usiku peke yake naye anahitaji kutembelewa.

KATA UBANDIKE UKUTANI

USO umepinda? MKONO umelegea? MANENO hayaeleweki? MUDA ni sasa: PIGA 912. Usimpe kitu mdomoni. Andika saa.

Mpendwa msomaji, jioni ya leo wakati wa chakula fanyeni zoezi moja dogo. Mtoto mmoja ajifanye mgonjwa, mwingine ampime uso, mkono na maneno, wa tatu aseme namba ya ambulansi na jinsi ya kuelekeza nyumba yenu. Watacheka sana, wacha wacheke. Wakishajua, hawatasahau. Halafu wiki hii wakubwa wote wa nyumba wakapime presha, kuanzia baba anayesema haumwi kitu.

Tuonane toleo lijalo. Mungu awape afya njema.